Natafuta jina la binti lenye madaha ila litakalomkaa hata akiwa mtu mzima (tuko Arusha)

MamaKijacho_Njiro

Habarini wapendwa, naombeni mawazo maana mimi na mme wangu tumekwama kabisa. Niko wiki ya 33, tumeshaambiwa ni binti, anatarajiwa mwanzoni mwa mwezi wa 11, ndo kipindi mijakaranda ya Arusha inakuwa imechanua mji mzima zambarau, na mimi tangu nianze kumbeba nimekuwa nataka jina ambalo ukilitamka tu unatabasamu, lenye kitu cha angani au cha bustanini ndani yake. Ila sitaki jina tamu kwa mtoto wa miaka mitatu tu halafu akifika 40 ni hakimu au daktari, akiitwa mbele za watu wote wanageuza shingo.

Mpaka sasa yamepita haya. Kipepeo, hili nililipenda mno, ila nilipolitaja kliniki nesi akaniuliza "Kipepeo kabisa kabisa, au la kumdekezea?" nikajua hilo swali litamfuata kila ofisi atakayoingia. Tanzanite, hili la baba yake, anasema ni fahari yetu, duniani kote inachimbwa Mirerani tu hapo jirani, tangu 1967, mimi kila nikilisikia naona duka la sonara. Halafu Mawenzi, na hili ndo lilikaribia kabisa kupita, mpaka tulipompigia mama mkwe Machame. Akanyamaza kidogo akasema "mwanangu, wewe hujui Mawenzi alifanywa nini?" Akanisimulia kwamba Mawenzi moto wake ulikuwa unazimika kila mara anaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, leo anaomba kesho anaomba, mpaka Kibo akachoka akachukua mchi akamtwanga nao, ndo maana mpaka leo kile kilele kimechongokachongoka. "Mjukuu wangu nimwite mtu aliyepigwa?" Basi, likaishia hapo.

Na kuna hilo lingine, kwao binti wa kwanza anabeba jina la bibi mzaa baba. Mama mkwe hajalazimisha ila najua anasubiri. Nampenda na sitaki aumie. Mnaonaje?

Mwl_Kiboriloni

Hongera mama kijacho. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimeita rejista za asubuhi miaka 19, kwahiyo majina nimeyatamka mengi sana na hili jambo nalichukulia kwa uzito.

Nilichogundua ni hivi. Kwetu majina mengi yako wazi, mtu akisikia jina anasikia na lile neno. Ukimwita mtoto Kipepeo watu hawasikii jina, wanamuona mdudu anaruka. Neema, Zawadi, Tumaini nayo ni maneno ya kawaida ila yameitwa sana mpaka yamezoeleka, hakuna anayeshtuka. Sasa wewe unataka la katikati, neno ambalo watu wanalijua ila hawalitumii kila siku sokoni, ukilisikia linakuwa jina kwanza halafu ile maana inakuja taratibu nyuma yake. Johari ni hivyo. Tausi pia, ni ndege lakini nani anaona ndege kila siku kwenye uzio wake hapa Moshi, nilishawahi kumfundisha Tausi mmoja alitembea na hilo jina vizuri mno.

Ila msiogope sana utani wa shule. Unakuwepo, sikatai, Kidato cha Kwanza wanataniana kwa chochote hata ukimwita mtoto Maria watapata cha kusema, wakifika Cha Tatu limeisha. Angalieni Tulia. Ni amri ile, mtoto anaambiwa tulia kila nyumba nchi hii, lakini Dkt. Tulia Ackson akawa Spika wa Bunge 2022 na mwaka uliofuata akachaguliwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, na jina likakaa vizuri tu mbele ya Mheshimiwa. Mwenye jina naye analilea jina.

Jaribuni hivi, mliite kwa sauti tatu. Kama unamwita toka jikoni akiwa mbali nje, kama unamgombeza, na kama unatambulisha mgeni rasmi. Likikwama sehemu moja achaneni nalo.

BabaNasieku

Nakubaliana na mwalimu. Mke wangu ni Mmasai wa Longido na kwao majina ya kike ni matamu na yana adabu zake, mengi yanaanza na Na. Namelok ni mtamu, Naserian ni wa amani, Namunyak ni mwenye bahati, na Nasieku ni aliyewahi kuja. Wa kwetu alikuja wiki ya 35 tukiwa hata beseni hatujanunua, bibi yake akamuona tu akasema huyu ni Nasieku, hatukujadiliana hata dakika moja. Sasa hivi ana miaka 9 na anaeleza jina lake mwenyewe kwa kila mgeni, anasimama wima kabisa.

Ila sisi tunalo haki nalo maana ni la kwa mama yake. Nyie kama hamna Mmasai kwenye familia mwombeni ruhusa mtu mzima wa huko kwanza, si sheria ila ni heshima.

ShangaziPasua

Mwanangu marahaba kabla hujaniamkia. Nina miaka 67, niko Pasua, na wajukuu 11.

Mimi nakwambia usiogope jina dogo. Bi Kidude wa Unguja jina lake hasa ni Fatuma binti Baraka, lakini dunia nzima ilimjua kwa Kidude, kitu kidogo tu, na aliimba mpaka uzeeni akafariki 2013 akiwa ni mtu mkubwa kuliko wengi wenye majina marefu. Na Siti binti Saad alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, hebu fikiria mtoto unamwita Mtumwa, Siti alikuja kuitwa ukubwani, maana yake bibi wa heshima. Kwahiyo jina linaweza kumkuta mtu mbele ya safari.

La mkweo sasa. Mtoto wetu kwenye cheti ana majina matatu, lake, la baba na la ukoo, nafasi yako wewe ni moja tu, ndo maana linauma kugawana. Lakini kuna ubatizo na kuna nyumbani. Mimi jina la bibi yangu halipo kwenye cheti changu hata kimoja ila nyumbani Kibosho hakuna aliyewahi kuniita lingine mpaka leo, na nikiitwa hivyo najua nimefika kwetu. Nenda ukae na mkweo, usimpigie simu, nenda, beba sukari yako, mwambie mama nataka jina lako liwe la kuitiwa nyumbani kwako. Ukimuomba hatakunyima.

MtangaMoshi

Dada mimi nimetoka Tanga nimeolewa Moshi, yale unayoyatafuta ya angani na bustanini yamejaa kwetu Pwani. Bustanini kuna Asumini, Waridi, Rehani. Baharini Lulu na Marijani. Angani Zuhura, ile nyota yenyewe kabisa inayowaka alfajiri au jioni kabla zingine hazijatoka, ni sayari ila sie tunaita nyota.

Lakini mimi ningekwambia Thuraya. Ni kile kishada cha nyota tunachokiita Kilimia, kwa macho unahesabu sita au saba zimekumbatiana, wazee walikuwa wanakitazama kujua msimu wa kulima ndo jina lilipotoka. Kuna methali, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kumwita mtoto Kilimia hapana, litakuwa kama la Kipepeo tu. Thuraya maana ni ileile, ila anayelisikia anasikia mwanamke.

Na mwezi wa 11 jioni kinachomoza upande wa mashariki, mtoto wako atazaliwa kikiwa juu.

MamaKijacho_Njiro

Shikamoo shangazi, na wote asanteni sana, nimesoma haya yote nikiwa nimemsomea na baba yake kwa sauti.

Jumamosi tumeenda Machame. Nilimwambia mama kama shangazi alivyosema, akanishika mkono hakuongea muda mrefu, halafu akasema sawa, hapa kwangu ataitwa jina langu na huko Arusha mtamwita mnavyotaka. Nikamwambia tunafikiria Thuraya, akauliza ni nini hiyo, nikamwambia ni Kilimia. Akalirudia mara mbili tatu akiwa anamenya ndizi. Akasema linatamkika.

Tumefanya majaribio yote matatu ya mwalimu. La jikoni linaita vizuri, ile ya mwisho inavutika. La kugombeza baba yake ameshindwa amecheka. La mgeni rasmi nililisema mwenyewe bafuni pamoja na jina la ukoo, ambalo lina silabi mbili tu, nikasikia machozi.

Swali langu lililobaki tuandike Thuraya au Thurea? Nimeona yote.

MtangaMoshi

Zote zipo ila andika Thuraya, ndo iko karibu na Kiarabu lilikotoka. La muhimu mkishachagua herufi zisibadilike. Siku hizi cheti cha mtoto unapata palepale kituo cha afya au ofisi ya kata, soma kila herufi kabla hujaondoka na usivushe zile siku 90 za kumwandikisha tangu azaliwe, maana jina hilohilo ndo litaenda shuleni, kwenye mitihani na NIDA. Mimi langu lilikosewa herufi moja nikaja kuapa mahakamani nina miaka 24.