Tupeane uzoefu: ulikadiriaje kodi ya nyumba yako ya kwanza Nairobi?

Wadau, natafuta nyumba ya kununua ili niipangishe, na kila muuzaji ananipigia hesabu ileile tamu: kodi mara miezi 12. Wenye nyumba tayari, mlifikaje kwenye kodi halisi? Tajeni na mtaa.

Zimmerman, bedsita (chumba kimoja chenye jiko na choo ndani)
Ndugu, usimuulize ejenti wa muuzaji. Mimi nilizunguka ploti (majengo ya kupangisha) za jirani mwisho wa mwezi, watu wakihama, nikaongea na makeateka, wale wasimamizi wa majengo. Bei waliniambia, lakini cha maana zaidi nilichowauliza ni hiki: chumba hiki kiko wazi tangu lini? Matangazo yalisema 11,000, wapangaji walikuwa wakilipa 9,000. Nikashika 9,000.

Vyumba 8 ni 72,000 kwa mwezi, 864,000 kwa mwaka. Kila chumba nikakipa mwezi mmoja mtupu, ikabaki 792,000. Halafu ushuru wa kodi ya nyumba wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya: tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, zamani ilikuwa 10, na unakatwa kwenye kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama. Hiyo ni 59,400. Keateka 10,000 kwa mwezi, 120,000. Imebaki 612,600, na bado hujanunua bomba wala kupaka rangi. Bei ya nyumba niliilinganisha na hiyo 612,600. Ile 864,000 ni ya muuzaji.

Roysambu
Wapangaji wangu wengi ni wanafunzi. Chuo kikifungwa, wengine wanabeba godoro na kila kitu. Mimi nahesabu miezi 10, na nikipata 11 nashukuru Mungu.

Kileleshwa, fleti ya vyumba viwili
Huku kinachomeza kodi ni ada ya huduma: lifti, jenereta, walinzi, taka. Fleti ikiwa tupu unailipa vilevile. Omba risiti za mwaka mzima uliopita, na uulize kama kodi unayotajiwa imejumlisha ada hiyo. Tena fleti mpya zinaota kila kona, mpangaji ana pa kuchagua. Usipange kupandisha kodi kila mwaka.

Pipeline
Maji! Ploti isiyo na kisima hutegemea boza, lori la maji, na wapangaji wakichoka wanahamia ng'ambo ya barabara.

Zimmerman, bedsita
Nimesahau dipoziti. Usiihesabu kama mapato, dada, ni pesa ya mpangaji na ataidai akihama. Na ule ushuru ni wa anayepata kodi ya zaidi ya 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka. Unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mwenye uzi
Asanteni sana, hesabu ya Zimmerman nimeinakili yote. Ploti ninayoiangalia iko Kasarani, vyumba 6. Aliye na nyumba huko aniambie: chumba kikiachwa, kinakaa muda gani kabla ya kupata mtu?