Wakuu, nikienda Rombo mikono mitupu, hiyo bado ni Krismasi?

Mtoto_wa_Kati

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu.

Mimi ni mtu wa Rombo, Kilimanjaro, naishi Dar, Tabata, mwaka wa 14 sasa. Nina mke na watoto wawili. Wanaotoka kwetu wanajua: ikifika Desemba 20 mjini hatukai. Hata aliyeshindia dagaa mwaka mzima atatafuta namna, maana usipoonekana nyumbani Krismasi ni kama umejitangaza mwenyewe kwamba mambo yamekwenda mrama.

Sasa mimi yamekwenda mrama kweli. Mwezi wa nane tulipunguzwa kazini. Nafanya vibarua vya umeme wa majumbani, siku nyingine napata, siku nyingine narudi na nauli tu.

Mwaka juzi nilikwenda kwa kishindo. Gari la kukodi, mbuzi wa ndafu (wa kuchomwa mzima), kreti za bia na soda, nguo mpya za wanangu na za watoto wa ndugu, vitenge vya mama na shangazi wawili. Nilikuja kupiga hesabu baadaye: sh 1,800,000, na humo ndani sh 1,000,000 ni mkopo wa kikoba cha mke wangu. Januari mtoto akarudishwa nyumbani kwa ada. Mwaka jana hatukwenda, nilisingizia kazi.

Mke anasema safari hii twende hivyo hivyo tulivyo. Mimi naona aibu. Nilishaamua kusingizia kazi tena, mpaka juzi mwanangu wa darasa la tatu akaniuliza tukiwa tunakula: "Baba, tusipoenda kwa bibi, Yesu atazaliwa?" Mama yake akacheka. Mimi sikucheka. Nina miaka 41, nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimefunga ndoa kanisani, na jibu nililokuwa nalo ni "kula chakula chako."

Nina maswali mawili. Niende au nisiende? Na ukitoa mbuzi, nguo na mbege, ile pombe yetu ya ndizi, kinachobaki kinaitwa nini? Naomba mnijibu kiutu uzima, maneno ya kwenye kadi nimeshayasoma.

Konda_Mstaafu

Mangi, pole. Tuanze na nauli maana huko ndiko nilikozeekea. Kama unakwenda, usisubiri tarehe 20 ukajipange stendi ya Magufuli pale Mbezi. Siti moja itauzwa mara mbili na wewe ndiye utakayesimama. Tiketi ikatiwe ofisini, mpiga debe msalimie tu upite. Na kuna treni ya Moshi, ilirudi reli ile Desemba 2019. Angalia ratiba mapema, ni nafuu na watoto wanaipenda kuliko basi.

Swali la pili waulize wenye elimu ya dini.

Hesabu_Ngumu

Mimi nasema usiende. Yesu hakuzaliwa Rombo. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi ni nusu ya ada, na Januari haina shemeji wala mjomba. Nendeni misa hapo Tabata, pikeni pilau, mpigie mama simu, basi. Hii tabia ya kwenda kuonyeshana kila mwaka imetumaliza.

Urio_wa_Mjini

"Yesu hakuzaliwa Rombo." Hilo neno usije ukalisema kule Mkuu, Rombo, mbele ya wazee, utatozwa debe la mbege.

Katekista_wa_Kigango

Marahaba mwanangu. Nimefundisha mafundisho miaka mingi na nitakuambia kitu ambacho wanafunzi wangu wengi hawakioni, kwa sababu tunaisoma Luka 2 huku mawazo yako kwenye sufuria.

Yusufu alikuwa anarudi kwao. Amri ya Kaisari Augusto ilitaka kila mtu akaandikishwe mjini kwake, na yeye alikuwa wa ukoo wa Daudi, kwao Bethlehemu. Ametoka Nazareti, safari ya zaidi ya kilomita 100, na mchumba mjamzito. Anafika kwao, kwenye ardhi ya babu zake, hakuna nafasi. Wewe unaogopa kufika nyumbani huna kitu. Habari yenyewe ya Noeli ndivyo inavyoanza: fundi kafika kwao hana kitu.

La pili. Soma mbele kidogo, mstari wa 24. Wanampeleka mtoto hekaluni, na wanatakiwa kutoa sadaka. Wanatoa ndege, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Sasa fungua Walawi 12:8. Sheria ilitaka mwanakondoo. Ndege walikuwa ruhusa ya mama asiyemudu mwanakondoo. Umeona? Wazazi wa Yesu walishindwa mbuzi, mwanangu. Hilo Luka hakulificha.

Na hori. Wachoraji wa kadi wanalipamba mpaka linakuwa kama kitanda cha hoteli. Sisi wa mlimani hatuna haja ya kadi. Bibi zetu walilala nyumba moja na ng'ombe na mbuzi, moto katikati, na sehemu ya majani unaijua inavyonuka alfajiri. Mtoto alilazwa hapo.

Umeuliza kinachobaki kinaitwa nini. Kanisa linakiita Umwilisho. Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Neno ninalokuomba ulishike ni hilo "akakaa". Mungu angeweza kutuma vitu. Alikuja kukaa.

Ukweli_Mtupu

Nyie mnapotezana tu. Nionyesheni tarehe 25 Desemba kwenye Biblia. Haipo. Mti wa Krismasi umetoka Ulaya. Mkristo wa kweli hana Krismasi.

Mwl_wa_Historia

Mkuu, la tarehe uko sahihi, Luka hakuiandika. Maandishi ya zamani tunayoyajua yanayotaja 25 Desemba ni kalenda iliyoandaliwa Roma mwaka 354, na Waorthodoksi wa Ethiopia wao wanaadhimisha 7 Januari. La mti nalo sawa, umetoka upande wa Ujerumani. Lakini bibi yangu mzaa mama hajui siku aliyozaliwa, anajua ulikuwa wakati wa nzige. Kitambulisho kinasema 1 Januari. Hatujawahi kumwambia kwa hiyo hukuzaliwa.

Mtoa mada, kwa huyo mtoto wa darasa la tatu: mtengenezeeni pango. Fransisko wa Asizi alifanya hivyo Greccio mwaka 1223, akaleta hori lenye majani makavu, ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho Mungu alizaliwa katika hali gani. Wewe boksi la kiatu na majani makavu ya mgomba yanatosha. Hori liacheni tupu mpaka usiku wa mkesha. Mtoto atauliza kwa nini liko tupu, na hapo utapata pa kuanzia.

Binti_wa_Pangani

Mimi ni Muislamu, mnisamehe kuingia. Nimesoma swali la huyo mtoto nikamkumbuka Bibi Maryam katika Surat Maryam. Yuko peke yake, uchungu umempeleka kwenye shina la mtende, anatamani angekuwa amekufa kabla ya hayo. Anaambiwa alitikise shina, tende zitamdondokea. Hakuna karamu pale, hakuna mgeni hata mmoja.

Na nyie msijione mko peke yenu. Idi nayo kwetu imeanza hivyo hivyo, kanzu kwanza swala baadaye. Kaka, mama yako anataka kukuona. Nenda.

Mama_Wawili_Kibosho

Naomba niseme kwa niaba yetu tunaobaki mgombani, maana nyie wa mjini mnaandika kama vile tuko huku tunasubiri mizigo.

Mnakuja tarehe 22, magari yanazuia njia, muziki hadi alfajiri. Anayechota maji ni nani? Anayeamka saa kumi na moja kuwakatia ng'ombe majani wakati nyie mmelala ni nani? Tarehe 27 mnaondoka, mama mkwe anabaki kuokota chupa kwenye migomba. Wengine hamkai naye hata nusu saa bila simu mkononi. Mnamwachia kitenge, sawa, ana sanduku zima la vitenge ambavyo hajavishona.

Shemeji yangu mmoja alikuja mwaka 2021 hana kitu, biashara imekufa. Kilo mbili za sukari tu. Siku ya kwanza alilala kutwa. Siku ya pili akashika panga akashuka na mama kukata majani, akakarabati zizi, jioni akakaa jikoni anamenya ndizi za mtori wanazungumza habari za marehemu baba. Alikaa siku tisa. Mama anaihadithia Krismasi ile mpaka leo, na zile za ndafu wala hazikumbuki ipi ni ipi.

Ila na wewe usijifanye mtakatifu ukaja bila hata sukari. Kuwa fukara sio kukosa adabu.

Hesabu_Ngumu

Mama Wawili umenipiga pabaya. Narekebisha: aende na sukari.

Swali_Tu

Mimi nina kimoja tu, mtoa mada. Mwaka jana kazi ulikuwa nayo. Mshahara ulikuwepo. Na hukwenda. Kwa hiyo mfuko mtupu hauelezi yote. Na umetaja mama, shangazi wawili, mke, watoto. Jina lako "mtoto wa kati". Wa kwanza yuko wapi?

Mtoto_wa_Kati

Nimekaa na hili swali tangu jana usiku. Sikutaka kuliandika hapa.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Kaka mkubwa ana kihamba chake (shamba la ukoo la migomba), amepewa zamani. Mdogo wetu amebaki na nyumba ya baba kama ilivyo desturi. Mimi nilipewa kipande katikati. Wiki mbili baada ya mazishi nikaambiwa masale ya mpakani upande wa kaka yameng'olewa na kupandwa hatua nne ndani ya kwangu. Nikapanda basi usiku huohuo. Tulitukanana mbele ya mama. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia, na yeye akaniambia baba alikufa akiniita na mimi niko Dar nafukuzia hela.

Ile ndafu ya mwaka juzi, nikisema ukweli, haikuwa ya Krismasi. Ilikuwa ya kaka. Nilitaka anione nikiwa na gari na mbuzi. Nyumba yake iko kama hatua arobaini kutoka kwa mama, harufu ilimfikia, muziki ulimfikia. Hakuja. Wala mimi sikwenda kumwita. Watoto wake niliwanunulia nguo nikawapa dirishani kama mwizi.

Mwaka jana sikuwa na nguvu ya kurudia lile igizo. Ndiyo sababu.

Konda_Mstaafu

Duh.

Katekista_wa_Kigango

Ahsante kwa kusema, mwanangu. Sasa naelewa.

Wewe ni wa mlimani, unayajua masale kuliko mimi nitakavyoeleza hapa, lakini wacha niwaeleze wengine. Ndiyo mmea wa mpaka kwetu. Na ni huohuo mtu anaouchuma jani, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa aliyemkosea. Ukilipokea umekubali kuzungumza, na wazee waliona vibaya sana kulikataa. Mliogombana kwa masale mna dawa yake hatua nne kutoka mlipogombania.

Usiku ule malaika waliwaimbia wachungaji habari ya amani duniani, na Paulo anasema amani hiyo si maneno ni mtu: "yeye ndiye amani yetu", aliyekibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga. Waefeso 2:14. Sikuambii umwachie shamba. Mpaka ni haki yako, utapimwa mbele ya wazee na mwenyekiti wa kitongoji mwezi wa kwanza watu wakiwa na akili zao. Nakuambia yale maneno uliyomtukana, hayo hayahitaji vipimo.

Na usiende tarehe 25. Siku hiyo mbege imeshakuwa nyingi, mtaumizana. Nenda 23 asubuhi kabla ya chai, na mzee mmoja mnayemheshimu wote. Anaweza kukukatalia. Yusufu naye alikataliwa nafasi mjini kwao. Ukikataliwa rudi kwa mama ukakate majani.

Ukweli_Mtupu

Mimi siadhimishi na sitaadhimisha. Lakini la kaka nenda. Hilo liko kwenye Biblia yangu pia, Mathayo 5:24, upatane kwanza na ndugu yako ndipo urudi kutoa sadaka yako.

Mama_Wawili_Kibosho

Na mke wa kaka yako usimsahau. Hao ndio wanaobeba kununa kwenu kila siku wanapokutana kisimani.

Mtoto_wa_Kati

Wakuu, mrejesho mfupi.

Tiketi za treni nimepata, nne. Mke amenunua sukari kilo tano na sabuni ya kufulia mche mmoja, basi. Mama nimemwambia ukweli kwamba kazi sina. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Watoto wanakula?" Nikamwambia wanakula. Akasema ndizi zipo.

Pango limejengwa juu ya friji, na hori liko tupu. Mdogo kaweka gari lake la plastiki humo, dada yake analitoa, anarudisha. Ndio vita vya jioni hapa nyumbani.

Kaka nilimpigia jana. Iliita ikakatika. Nikapiga tena, ikakatwa. Saa tatu usiku ukaingia ujumbe: "Mnafika lini". Sijui kama ni swali au ni nini. Nimemjibu tarehe 22 jioni.

Konda_Mstaafu

Ni swali, mangi. Ukifika Moshi usikae mjini, panda kosta ya Rombo mapema kabla hazijajaa. Na kwenye treni beba chai ya chupa na mihogo ya watoto, usiku ni mrefu.