Mrejesho: ile lenzi iliyoandikwa 10X

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini lenzi niliyonunua hapa Mtwara, kubwa kama sahani ya kikombe na imeandikwa 10X (yaani hukuza mara 10), inakuza kidogo kuliko kilenzi cha marehemu babu cha kutengenezea saa. Mkaniambia nipime, nisiamini maandishi.

Jana saa sita mchana nikatoka uani na rula. Nikaielekeza juani, nikaishusha mpaka doa la mwanga likawa dogo kabisa juu ya ganda la korosho. Sijamaliza hata kusoma rula, ganda likaanza kufuka moshi! Toka lenzi hadi ganda, sentimita 10. Kwa hiyo nguvu yake ni dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi: sentimita 100 za mita moja gawanya kwa 10), ila ukuzaji ni 25 gawanya kwa 10, yaani mara 2 na nusu tu. Hiyo 25 ni sentimita ambazo jicho zima husomea bila taabu.

Kilenzi cha babu kikatoa sentimita 2.5. Hicho ndicho mara 10 kweli, ingawa lazima ukigandishe jichoni na unaona herufi mbili tatu. Ile kubwa kachukua mama, anasomea maandishi ya dawa zake.