Yule bwana wa "kwa mujibu wa" leo kanivua uaskari mbele ya muuza karanga!!!

Mzee wa Lindo:
Wakuu salamu baadaye, nina hasira mpaka simu inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, yule yule wa "kwa mujibu wa", simtaji maana atajibu kwa kurasa arobaini. Jioni hii nimetoka lindo, nimekaa zangu kijiweni na kahawa, yunifomu bado mwilini, mgeni mmoja akaniuliza shughuli yangu nikamwambia mimi askari. Yesu na Maria! Jamaa kacheka mpaka kahawa ikamtokea puani, akasema "Askari wa kufungua geti? Kwa mujibu wa historia askari ni wa jeshi, wewe ni bawabu." Na muuza karanga akacheka. Muuza karanga jamani, ambaye namlindia beseni lake akienda kujisaidia!

Hiyo historia kaisomea chooni? Neno la Kiarabu, kule ni mwanajeshi sawa, lakini lilivyotua pwani likapewa kila kazi. Misafara ya kwenda bara karne ya 19, wale waliokuwa na bunduki wanalinda mizigo na kuangalia wapagazi wasitoroke waliitwa nani? Kulinda mizigo, si kazi yangu hii hii? Mjerumani Wissmann kaja 1889 na Wasudani aliowaokota Cairo na vijana wa Msumbiji, watu wa mshahara tu kama mimi, nao wakaitwa askari, na jeshi hilo hilo ndilo lililokuja kuchoma mashamba ya watu kwenye Majimaji. Kwa hiyo aliyechoma mtama wa mababu zetu ni askari halali, mimi ninayelinda jenereta la watu usiku kucha na mbu wote wa Dar ni bawabu!

Na askari jela je? Askari kanzu? Askari wa wanyamapori? Mchwa wana askari, wakuu, MCHWA, hana hata kirungu! Halafu yule mtoto kacheka huku anatafuna karanga zake mwenyewe za biashara.

Mkwezi wa Kibada:
Pole mkuu. Huyo "mgeni" aliyekuuliza shughuli yako alikuwa mwanamke eeh? Tuanzie hapo.

Dada Kisamvu:
Nimecheka kuliko muuza karanga 😂😂

Mzee wa Lindo:
Mwanamke au mwanaume inahusu nini? Na sijasema yote, aliigiza na mkono kabisa, anavuta geti hewani, "kriiiiii". Kriiiii wakuu. Mbele ya watu.

Soja wa Umoja:
Huku Nairobi mtu wa geti tunamuita soja na hajawahi kulia mtandaoni. Ukisema askari tao watu wanatoka mbio wakidhani ni kanjo, wale askari wa jiji. Kanjo ndio wa kufunguliwa uzi, wamebeba mkokoteni wa jirani yangu na ndizi zote, mkokoteni ukarudi, ndizi hadi leo.

Mbongo Jozi:
Ukija Sauzi usijitambulishe hivyo kwa wazee wa ukombozi. Enzi za makaburu askari alikuwa ni mpigania uhuru aliyekamatwa akageuzwa, wengine kwa mateso, akawa anawasaka wenzake kwa niaba ya polisi. Kambi yao ilikuwa shamba la Vlakplaas, nje ya Pretoria. Mimi nilimwambia mzee mwenye nyumba kaka yangu ni askari Dodoma, akasukuma sahani pembeni. Ilibidi nimweleze kwa dakika nzima kwamba ni trafiki.

Mkwezi wa Kibada:
Kwani trafiki ndio ana nafuu?

Profesa Vumbi:
Neno limetembea hilo. Uganda omuserikale, Rwanda umusirikare, Malawi msilikali, Waitaliano nao walikuwa na ascari wao Eritrea. Hata sanamu ya askari pale Posta, Dar, ya 1927, iliyokuja baada ya Waingereza kuing'oa ya huyo Wissmann, maandishi yake yanawakumbuka mpaka wapagazi. Na wale tembo vijana wanaomsindikiza dume mzee mwenye pembe ndefu, watu wa mbugani wanawaita askari. Sasa mleta uzi, wewe uko kwa tembo au kwa mchwa?

Dada Kisamvu:
Mchwa.

Mzee wa Lindo:
Dada wewe una kesi na mimi. Na Profesa asante ila umechelewa, ungekuwepo kijiweni pale alipofanya kriiii ungemmaliza.

Kiroba Kitupu:
Kero yangu mimi ni "afande". Efendi ya Waturuki hiyo, bwana mkubwa, ikaingia jeshini na hao hao Wasudani, KAR, jeshi la Waingereza huku kwetu, wakaifanya mpaka cheo. Leo kila aliyevaa kaki anataka aitwe afande. Juzi trafiki nimemwita afande mpaka ulimi ukakauka na bado kaniandikia.

Dada Kisamvu:
Bora wewe umeandikiwa. Mama yangu mgambo walimwaga nyanya zake barabarani kisha mmoja akaokota mbili akatia mfukoni. Huyo tumwite nani, askari wa kachumbari?

Soja wa Umoja:
Si nilisema? Ndugu yake na kanjo huyo.

Mzee wa Lindo:
Wakuu turudi kwenye mada, mtu kanidhalilisha

Lindo B:
Mada ni buti. Mimi pia mlinzi, waniite bawabu, waniite mchwa, sijali. Kampuni inatukata hela ya buti kwenye mshahara na buti lenyewe linafungua mdomo kabla mwezi haujaisha. Kuna mwenye namba 42 nzima anauza?

Kiroba Kitupu:
Ninazo, za jeshi kabisa, njoo PM.

Mkwezi wa Kibada:
Za jeshi umezitoa wapi wewe?