Kampuni ya vifurushi iliandika "mpokeaji hakupatikana" bila kupiga simu, kisha ikatutoza hela ya stoo

Ndugu wanajamvi, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo lililotupata nyumbani kwetu Kinyerezi linawapata watu wengi wa Dar es Salaam, na wengi hulimeza kimya kimya.

Dada yangu aliyeko Arusha alimtumia mama miwani kupitia kampuni ya kusafirisha vifurushi, akalipia kabisa huduma ya kufikishiwa mzigo mlangoni, ambayo ni ghali kuliko kuufuata ofisini. Juu ya boksi aliandika jina la mama, jina la barabara, namba ya nyumba, postikodi na namba yangu ya simu. Siku iliyoahidiwa mama alishinda nyumbani, nami simu sikuiweka mbali. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyepiga. Jioni ukaingia ujumbe mfupi kwamba mpokeaji hakupatikana, mzigo umerudishwa ghalani barabara ya Nyerere, na kuanzia kesho yake utatozwa shilingi 2,000 kwa kila siku.

Nilipofika ghalani nilimwomba mhudumu wa kaunta anionyeshe dereva alipiga saa ngapi na kwa namba ipi. Alifungua daftari la mizigo, akaligeuza upande wangu. Mstari wa juu kabisa wa ukurasa ulikuwa umeandikwa "hakupatikana", na chini yake, hadi mwisho wa ukurasa, ziliwekwa alama za kurudia tu, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, bila saa, bila saini, bila namba yoyote iliyopigwa. Mzigo wa mama ulikuwa katikati ya alama hizo, pamoja na ya watu wa Segerea na Tabata. Nilipombana, mhudumu alikiri kwamba gari halikufika kabisa upande wetu siku ile, ila mfumo wao haufungi hesabu za siku mpaka kila mzigo uliorudi uandikiwe sababu. Kwa hiyo sababu iliyochaguliwa ni ile inayomtwisha mpokeaji lawama, na ndiyo hiyohiyo inayofungua mlango wa kumtoza.

Hapo hapo nikaambiwa siwezi kupewa mzigo kwa kuwa jina lililoandikwa ni la mama, hivyo aje mwenyewe na kitambulisho cha NIDA au nilete barua ya serikali ya mtaa. Mama ni mtu mzima, macho yake ni hayo tuliyokuwa tunayafuatia miwani, na kutoka kwetu hadi huko ni kubadilisha daladala kwenye foleni. Ikumbukwe kwamba dereva akifika nyumbani humkabidhi mzigo yeyote atakayefungua geti, awe dada wa kazi au jirani, bila kudai hata jina la pili. Ulinzi wanaokumbuka kuudai pale kaunta tu, baada ya wao kushindwa kazi yao, hauwezi kuitwa kumlinda mteja. Nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa, nikasubiri, nikaipata barua, na siku zote hizo tozo ilikuwa inapanda.

Msiniambie kwamba nyumba zetu hazifikiki. Mwaka 2022 nchi nzima iliingia kwenye operesheni ya Anwani za Makazi, ikaendeshwa kwa haraka ili itangulie Sensa ya Agosti 23 mwaka huohuo. Nguzo za majina ya barabara zikasimikwa, vibao vya namba vikabandikwa, na Serikali ilieleza wazi kwamba biashara za kufikisha bidhaa majumbani ni miongoni mwa zitakazonufaika. Kibao chetu kipo getini, na namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi.

Kilichonichoma zaidi ni malipo. Fedha ya stoo ilipokelewa taslimu na nikapewa kikaratasi cha mkono chenye muhuri, wala si risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Nilipodai risiti halali niliambiwa mashine haina mtandao. Mteja ameshalipia mzigo ufike mlangoni, haukufika, na bado anatozwa kwa kuwa haukufika. Sioni ni huduma gani hapo iliyouzwa kwake mpaka adaiwe senti moja.

Nimewasilisha malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe, maana utaratibu unataka uanze na mtoa huduma kabla ya kwenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo inayowapa leseni wasafirishaji wa vifurushi na vipeto. Nimedai nirudishiwe hela ya stoo, dada arudishiwe gharama ya kufikishiwa mlangoni, na nipewe kumbukumbu ya simu inayodaiwa kupigwa kwangu. Wasiponijibu, faili litakwenda TCRA, na suala la risiti nitalipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato.

Wenzangu wa Kinyerezi, Segerea na Tabata mliopokea ujumbe kama huu wakati mlikuwepo nyumbani, msiufute. Tunzeni na vikaratasi vya stoo, kisha andikeni hapa tarehe na kiasi mlichotozwa, ili nikienda huko nisiende na mzigo wa mama peke yake.