Libby inaniambia nisubiri wiki 14. Kuna namna ya kupata kitabu mapema?

Mwanga_Kgm
Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Nina kadi ya maktaba ya jiji moja la Kanada, bado haijaisha muda, naitumia kwenye Libby, app ya kuazima vitabu vya kielektroniki vya maktaba. Kila riwaya mpya foleni wiki 10, wiki 14. Kitabu chenyewe ni faili tu, foleni ya nini? Na mtu asiye na kadi ya nje aanzie wapi?

Isevya_Tbr
Maktaba haiuziwi faili mkuu, inauziwa leseni. Leseni moja, msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Na nyingi zinakufa: kuna za miezi 24, na HarperCollins tangu 2011 iliweka kikomo cha kuazimwa mara 26. Ndiyo maana maktaba hainunui leseni nyingi kwa kitabu ambacho moto wake utapoa baada ya miezi sita.

Hizo wiki ni makadirio, usizitazame sana. Gusa hayo maandishi ya muda wa kusubiri, utaona nakala ni ngapi na wanaongoja ni wangapi. Watu 60 kwa nakala 20 ni watu 3 kila nakala: kwa mkopo wa siku 14 ni wiki 6 hadi 8, na huwa pungufu maana wengi hurudisha kabla ya siku. Watu 12 kwa nakala 1 ndio balaa, ingawa 12 inaonekana ndogo.

Jaza nafasi zote za oda (kujiandikisha kwenye foleni ya kitabu) unazoruhusiwa. Zamu ikifika una siku 3 za kukichukua. Ukikaa kimya, kinakwenda kwa anayefuata na oda yako inasimamishwa siku 7, ukirudia, inafutwa. Kama hujawa tayari, ahirisha oda mwenyewe: unaendelea kusogea mbele kwenye foleni, ila zamu yako ikifika wengine wanapewa kwanza, mpaka uifungue siku unayotaka. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanaacha oda tano zifike wiki moja.

Wakati unasubiri, tumia kichujio cha vitabu vilivyopo sasa hivi. Angalia pia toleo la kusikiliza, lina foleni yake tofauti. Majarida hayana foleni kabisa.

Ujiji_Msomaji
Naongeza kwa asiye na kadi. Fungua akaunti ya bure Open Library, ya Internet Archive, hawaulizi unaishi wapi. Vitabu vingi unaazima kwa saa 1 na kuongeza tena kama hakuna mwingine anayekitaka. Baadhi vinatoka kwa siku 14. Ila usitegemee riwaya mpya. Baada ya wachapishaji kuishtaki Internet Archive kwa hakimiliki na kushinda kesi, uamuzi uliothibitishwa kwenye rufaa Septemba 2024, vitabu zaidi ya 500,000 vimeondolewa kwenye kuazimwa.

Halafu bando. Kurasa zile ni picha zilizoskaniwa, kila ukifunua inashushwa picha nyingine, MB zinaondoka huku unasoma tu. Tumia Wi-Fi.

Vya zamani vilivyokwisha hakimiliki viko Project Gutenberg, zaidi ya 70,000, hakuna kuazima wala kurudisha. Chagua EPUB isiyo na picha, aina ya faili ambayo maandishi hujipanga kufuata upana wa skrini. PDF kwenye simu ndogo ni kuvuta ukurasa kushoto na kulia mpaka uchoke.

Mwanga_Kgm
Asante sana. Mdogo wangu hana kadi, nimpe namba na PIN yangu?

Isevya_Tbr
Hapana. Kadi ni ya mtu mmoja, na oda zake zitakula nafasi zako. Wewe mwenyewe soma masharti: maktaba nyingi zinataka uwe mkazi, na muda wa kadi ukiisha wanaweza kudai uthibitisho wa anwani. Kamilisha oda zako kabla ya tarehe hiyo.

Kama mdogo wako ni mwanafunzi, vitabu vya kiada viko maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Kama bado anajifunza kusoma, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za kupakua bure.

Na kwenye Libby, mipangilio ya upakuaji iweke Wi-Fi pekee. Kitabu kikishashuka chote, unasoma bila mtandao mpaka siku ya kurudi. Ukikimaliza siku ya nne, kirudishe siku hiyohiyo, kuna mwenzako naye anahesabu wiki.