Tupeane uzoefu: ndugu na marafiki wanaotaka uwafanyie kazi ya mikono bure, mnaishi nao vipi?

mama_cherehani

Habari zenu wadau. Mi nashona, nguo za kike zaidi, magauni ya vitenge, sare za kicheni pati na sendofu, na hii ndo kazi inayonilisha mimi na wanangu. Kinachonichosha sio wateja, wateja tunaelewana, anaacha advansi, siku ikifika anamalizia anachukua nguo yake. Ni ndugu, marafiki, majirani, watu tunaosali nao. Mtu anakuja na kitenge anakiweka mezani anakwambia "utanishonea tu hapo ukipata nafasi", habari ya hela haigusi kabisa, na ukiigusa wewe anakuangalia kama umemtukana.

Nadhani wengi hawajui ndani ya gauni moja kuna nini. Anaona kitambaa kaleta yeye, kwahiyo kwake kilichobaki ni kukanyaga cherehani tu. Hapo kuna bitana, zipu, uzi, stifu ya kukazia kitambaa, kupeleka ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisifumuke, kwa sisi ambao hatuna ya kwetu, umeme wa luku, pasi. Vyote hivyo nanunua kwa hela taslimu na mwenye duka hapunguzi bei ya zipu kwa sababu gauni ni la binamu yangu. Bado muda. Gauni lenye marinda na mikono ya puto linakula siku, na siku hiyo hakuna nguo ya mteja inayotoka, mteja naye yuko mlangoni ana shughuli Jumamosi.

Mwaka jana ilikuja sare ya ukoo, harusi ya mtoto wa baba mdogo. Shangazi kaleta vitenge vya watu wake kwenye mfuko mmoja, havina majina, vipimo kaandika nyuma ya bahasha ya mchango, "Mama Asha mnene kidogo", ndo kipimo hicho. Nikamwambia shangazi shikamoo, ufundi wangu nautoa kama mchango wa harusi na uandikwe kwenye daftari la kamati, lakini bitana na zipu kila mtu atoe yake na kila mtu aje mwenyewe apimwe. Alinuna wiki mbili hivi, ila watu walikuja, wakapimwa, wakatoa, na kwenye kikao cha kamati mchango wangu ukasomwa kama wa wengine. Toka hapo nafanya hivyohivyo kwa shughuli zote: undugu uko kwenye mkono wangu, vifaa anagharamia mwenye nguo. Na zawadi natoa mwenyewe nikitaka, kwa mtu ninayemtaka.

Haya leteni zenu, wa kushona, kusuka, kufuma, wachora hina, maseremala, wote karibuni.

mkunazini_kofia

Asante dada kwa mada hii, mie imenigusa hasa. Nashona kofia za vito hapa Unguja, za mkono, si za mashine. Kwa asiyejua, kofia ina kipande cha juu cha duara na kipande cha kuzunguka kichwa, unachora ua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe halafu unatoboa vitundu kwa sindano na kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kisimame imara, kimoja kimoja. Kofia ikiwa na kazi nzuri inachukua miezi, kwa sababu mwanamke haketi kushona kutwa, unashona baada ya kupika, baada ya watoto kulala, na taa ikiwa mbaya huoni kitu.

Sasa ikifika Shaaban ndo simu zinaanza. Shemeji anataka ya Idd, mjomba anataka ya kwenda nayo kwa wakwe, mtoto wa jirani anaoa. Na wote wanataja ile kofia ya mashine inayouzwa mjini, "mbona ile bei rahisi". Hawakosei, bei yake rahisi kweli, basi wakanunue ile.

Kwetu tulilimaliza hivi. Nilikaa na bibi yangu nikamwambia kila mwaka nitashona kofia moja ya ukoo, bure kabisa, uzi wangu kitambaa changu, na atakayevaa ataamua yeye bibi. Hiyo ndo ya bure. Nyingine zote ni za biashara, ndugu asiyekuwa ndugu. Wallahi mambo yametulia. Anayetaka ya bure anakwenda kwa bibi, anakaa nae, anamsikiliza, anambebea maji. Mwaka huu bibi kampa kijana anaefundisha madrasa ambaye hata hakuomba, na hakuna alienipigia mie kulalamika maana atalalamika vipi kwa bibi.

seremala_keko

Mi nawaambia waje na mbao. Ukitaka mninga nenda kanunue mninga, ukitaka mkongo haya. Akishasikia bei ya ubao mmoja anarudi tunaongea vizuri, au harudi.

fundi_mdogo

Wakuu mi naona tofauti kidogo. Cherehani yangu ya kwanza alininunulia mjomba, tena kipindi hicho na yeye hali haikuwa nzuri, aliuza mbuzi. Leo anakuja na kitambaa cha suruali nimwambie mjomba toa hela ya zipu? Siwezi, na sitaki kuweza. Undugu ni kufaana. Nikihesabu nilichokula kwake wakati nasoma ufundi, suruali zote nitakazomshonea mpaka nazeeka hazifiki. Tuwe makini tusije tukawafukuza watu waliotubeba.

mama_cherehani

@fundi_mdogo uko sahihi na nakuunga mkono kabisa, huyo mjomba hayumo kwenye mada hii. Yeye kashatoa, tena katoa mtaji. Mi nna mama mmoja wa hapa mtaani alinipa kibaraza chake nikaanzia hapo bila kodi, nguo zake na za wajukuu zake nashona na zipu naweka mimi. Naongelea yule ambaye siku naanza alisema "kushona nako ni kazi", leo ndo wa kwanza na kitenge.

nyuzi_nrb

Sasa wote. Mimi niko Nairobi, hufuma mablanketi ya watoto na masweta, na kwangu shida kubwa ni marafiki wa kazi ya zamani na wa chama, kile kikundi cha kuchangishana pesa. Mtu akisikia mwenzetu ana mimba tayari ananitumia picha ameitoa kwa intaneti, rangi tatu, na maua kwa ukingo, anasema "ya mtoto wetu". Ukiuliza bei anakwambia nitakupost kwa status yangu upate wateja. Kwanza wale wateja wanaokuja kupitia mtu aliyepewa bure, nao wanataka bure, hio nimeiona mara nyingi sana.

Kitu kimoja kiliniuma kabisa. Kuna blanketi nilimfumia rafiki wa karibu, uzi mzuri laini ule hauwashi ngozi ya mtoto, rangi ya maziwa na kijani ya majani ya chai, ukingo niliufumua nikaurudia kwa sababu ulikuwa unajikunja. Siku moja nimeenda kwake nikalipata kwa mlango wa nyuma, limelowa, watu wanapangusia viatu. Hakuna mtu alikuwa na nia mbaya, dada wa kazi alichukua tu kitambaa kikuukuu, na hakuna mtu alikuwa amemwambia hiki kimefumwa kwa mkono. Sikusema kitu lakini nilijua tangu siku hiyo kwamba kitu cha bure watu hawakiwekei macho.

Venye mimi hufanya sasa: tunaenda duka la uzi pamoja. Yeye achague, yeye alipe, palepale kwa M-Pesa. Wakiona uzi mzuri unavyouzwa na blanketi moja inakula ngapi, wengi wanachagua kofia ya mtoto na soksi, na hizo nafuma kwa furaha kwa sababu ni kazi ya jioni mbili. Wale wa blanketi wanalipa uzi na nusu ya kazi. Na wanalitunza jamani, mmoja hulifua kwa mkono mwenyewe.

ukili_pwani

Nimesoma wote. Mi kwetu ni huko Rufiji, mama anasuka mikeka, na nataka niseme kitu kuhusu hili neno bure, maana watu wa mjini hutwambia "zamani watu walisaidiana bure". Si kweli, mi nimekulia humo. Kukiwa na harusi wanawake walikaa pamoja wanasuka ukili, zile tepe ndefu zinazoshonwa kuwa mkeka, kila mmoja anakuja na ukindu wake, yale majani ya mkindu, ameshauanika ameuchana, mwingine ameshachemsha rangi, wanasuka wanapiga stori mpaka jioni, mkeka unashonwa. Lakini siku ya harusi ya mwanao wewe nao wanakuja, na asiyekuja anajulikana, na kwake haendi mtu. Ule ulikuwa ujima, kila mkono ulirudishwa.

Sasa hivi ndugu yuko Dar anapiga simu, "mama mdogo nisukie mkeka mkubwa wa rangi wa sebuleni". Ukindu wenyewe umekuwa wa kufuatwa mbali, mama magoti yanamuuma, kuchuma makuti machanga yale ni kuingia kwenye tope. Anasuka, anashona, anafunga, analipa na hela ya mzigo kwenye basi. Anayepokea anasema asante na moyo mbili nyekundu kwenye simu. Sisi watoto tukaingilia kati. Tuliandika kwenye grupu la familia kwamba mama mikeka anasuka kama kawaida ila anayetaka atume kwanza hela ya ukindu, rangi na basi, na siku mama akilima au akiumwa na yeye aje ashike jembe au atume wa kushika. Wawili walitoka kwenye grupu. Mmoja alikuja kweli kipindi cha palizi, kakaa siku kadhaa, na mkeka wake mama alimsukia ule wa mapambo hasa, sijawahi kuona anasuka ule kwa mtu mwingine.

mkwe_mpya

Jamani naombeni msaada, mimi mama mkwe. Nguo zake yeye sina shida, namshonea kwa moyo. Tatizo analeta za majirani zake, ameshawaambia "mkwe wangu fundi, leteni tu", kila Jumapili kuna mfuko. Nikikataa nitaonekana nimemvunjia heshima mbele ya watu wake, na nikishona mwezi unaisha sina hata hela ya uzi.

mama_cherehani

@mkwe_mpya pole mdogo wangu. Usiongee wewe, aongee mumeo na mama yake, tena aanze na yale mazuri, kwamba mama nguo zako zote ni za mkweo na hazina bei. Halafu amwombe awe ndo mpokeaji wenu: jirani akileta kitambaa, mama mwenyewe apokee na hela ya ushonaji, na kila nguo mumtolee mama kidogo chake. Wazee wengi ukiwapa hiyo nafasi wanaisimamia kuliko wewe, hataruhusu tena mtu alete bure. Na ile mifuko iliyopo ndani sasa hivi usikate hata kitambaa kimoja mpaka mumeo aongee, maana ukishakikata umeshakubali, hapo utashona mpaka mwisho.

mkwe_mpya

Asante sana dada, kuna viwili nilikuwa nimeshaviweka kwenye meza nikate leo usiku. Navirudisha kwenye mfuko. Mume anarudi Ijumaa, nitawaletea mrejesho.